Sikio la Daktari Hufundishwaje Kuusikia Moyo?

Mara nyingi tunapompeleka mgonjwa zahanati au hospitali tunamwona mganga akichukua mipira ya masikioni, akiweka kile kisahani kifuani pa mgonjwa na kunyamaza. Anasikiliza upande huu, anahamia upande ule, halafu anaandika maneno mawili matatu kwenye kadi. Kazi yenyewe haizidi dakika chache. Haina sindano, haina dawa, wala haimwumizi mtu. Kwa sababu hiyo wengi wetu tunaichukulia kuwa ni desturi tu ya hospitali, kama vile kupimwa uzito.

Lakini kile chombo, kiitwacho stetoskopu, hakina akili yake chenyewe. Hakiandiki namba kama kipimajoto, wala hakiwashi taa kuonyesha kwamba kuna ubaya. Kazi yake ni kuileta sauti sikioni tu. Anayeamua kama sauti ile ni ya moyo mzima au ya moyo mgonjwa ni mtu aliyevaa ile mipira. Sikio lake likiwa limefundishwa vizuri, ugonjwa utajulikana mapema. Likiwa halikufundishwa, mgonjwa atarudishwa nyumbani na vidonge vya homa, na moyo utaendelea kuharibika kimyakimya.

Basi, katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tutazame jinsi wanafunzi wa udaktari wanavyofundishwa kuzitambua sauti za moyo, na hasa jinsi sanamu na mitambo ya kuiga mgonjwa inavyotumika katika mafunzo hayo. Mwishoni tutaona jambo hili linazihusu vipi familia zetu.

MOYO UNASEMA NINI?

Moyo ni pampu yenye vyumba vinne: viwili vya juu vinavyopokea damu, na viwili vya chini vinavyoisukuma. Ili damu isirudi ilikotoka, kuna milango minne midogo ambayo wataalamu huiita vali. Milango miwili iko kati ya vyumba vya juu na vya chini. Mingine miwili iko mahali damu inapotoka moyoni kwenda mapafuni na mwilini. Kila mlango hufunguka upande mmoja tu.

Sauti tunayoisikia kifuani ni sauti ya milango hiyo inapojifunga. Vyumba vya chini vinapobana ili kusukuma damu, milango ya ndani hujifunga, na hiyo ndiyo sauti ya kwanza: nzito na ndefu kidogo. Vyumba vikimaliza kubana, milango ya kutokea hujifunga, na hiyo ndiyo sauti ya pili: fupi na kali zaidi. Ukiisikiliza ngoma ya moyo mzima utasikia: dum-ta... dum-ta... dum-ta. Kati ya "dum" na "ta" kuna kimya kifupi, wakati moyo unasukuma damu. Kati ya "ta" na "dum" inayofuata kuna kimya kirefu zaidi, wakati moyo unajaa damu tena.

Mtu mzima aliyetulia, moyo wake hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Maana yake ni kwamba dum-ta moja pamoja na vimya vyake viwili hupita kwa muda usiozidi sekunde moja. Mtoto mdogo, au mtu mwenye homa, moyo wake huenda mbio zaidi, na vile vimya vinazidi kuwa vifupi.

MVUMO NI NINI?

Mlango wa moyo unaweza kuharibika kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kushindwa kufunga vizuri, na damu ikavuja kurudi nyuma. Namna ya pili ni kukakamaa na kuwa mwembamba, na damu ikapita kwa shida. Katika hali zote mbili damu haiendi tena kwa utulivu, bali inazunguka na kujigonga, kama maji ya mto yanavyofanya yanapopita kati ya mawe. Mto uliotulia haupigi kelele, bali penye mawe maji huvuma. Vivyo hivyo ndani ya moyo: pale palipotakiwa kuwa kimya panasikika mvumo.

Mvumo wenyewe ni wa aina nyingi. Kuna unaosikika katika kile kimya kifupi, na kuna unaosikika katika kile kirefu. Mmoja unapuliza kama mtu anayepoza chai. Mwingine unakwaruza kama msumeno, na sauti yake inapanda hadi shingoni. Mwingine tena ni mzito na wa chini sana, kama gari la mizigo linalopita mbali usiku, na haupatikani vizuri mpaka mgonjwa alale ubavu wa kushoto. Kila aina inaeleza ni mlango gani umeharibika, na kwa namna gani.

Hapa tuwatulize wazazi. Si kila mvumo ni ugonjwa. Watoto wengi wenye afya njema husikika mvumo laini kwa wakati fulani, kwa sababu tu damu yao inapita kwa kasi, na baadaye hutoweka wenyewe. Homa, upungufu wa damu na ujauzito pia huweza kuleta mvumo ingawa milango ya moyo ni mizima. Kwa hiyo mganga anatakiwa kujua mambo mawili: kuutambua mvumo wa hatari, na kuutambua mvumo usio na hatari ili asiwatie wazazi hofu ya bure.

KUTOKA BOMBA LA KARATASI

Zamani daktari aliweka sikio lake moja kwa moja kifuani pa mgonjwa. Mwaka 1816 daktari Mfaransa, René Laennec, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Necker mjini Paris, alijiwa na msichana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Aliona si heshima kuweka sikio kifuani pa msichana yule, na tena alikuwa mnene, hivyo sauti isingesikika vizuri. Akakumbuka kwamba mtu akikwaruza ncha moja ya gogo, mwenzake aliyeweka sikio kwenye ncha ya pili husikia wazi. Akakunja karatasi nyingi kuwa bomba, akaweka ncha moja kifuani na nyingine sikioni. Akashangaa: mapigo yalisikika vizuri kuliko alivyopata kuyasikia kwa sikio tupu.

Baadaye alitengeneza bomba la mti, na mwaka 1819 akachapisha kitabu kikubwa akieleza sauti za kifua na maana zake. Kufikia miaka ya 1850 vilikwisha patikana vyombo vya masikio mawili vinavyofanana na hivi tunavyoviona leo. Tangu hapo chombo kimebadilika kidogo tu. Tatizo lililobaki ni lile lile: sauti inasikika, lakini nani atamfundisha kijana kuielewa?

KWA NINI NI VIGUMU KUJIFUNZA?

Mwalimu anayefundisha mifupa anaweza kuonyesha mfupa, na darasa zima likauona. Anayefundisha kushona kidonda anaweza kushona wanafunzi wakitazama. Lakini sauti ya moyo humwingia mtu mmoja peke yake. Mwalimu anasikiliza, anasema, "Hapa kuna mvumo." Mwanafunzi anapokea mipira, anasikiliza, na mara nyingi anaitikia, "Ndiyo, nimeusikia," hata kama hakusikia kitu. Anaona haya mbele ya wenzake, na mwalimu hana njia ya kuingia katika sikio la mwanafunzi kuhakikisha.

Ugumu wa pili ni kwamba wagonjwa hawaji kwa utaratibu wa masomo. Wiki ya somo la moyo huenda wodini hakuna hata mgonjwa mmoja mwenye mlango wa moyo uliobana. Akipatikana, huenda ni mama anayehema kwa taabu, naye anahitaji kupumzika. Je, ni haki vijana 20 wapange foleni kumwekea vyombo kifuani mmoja baada ya mwingine, wakimgeuza ubavu huu na ule? Wagonjwa wengi hukubali kwa wema wao, lakini wema wa mgonjwa nao una mipaka yake, na unastahili kuheshimiwa.

Ugumu wa tatu ni sikio lenyewe. Macho yetu yamezoea kusoma, lakini masikio ya watu wengi hayakuzoea kutenganisha sauti zinazopita haraka hivyo. Walimu wa zamani walijitahidi kuiga sauti za moyo kwa vinywa vyao na kwa kugonga meza kwa vidole. Baadaye zikaja sahani za santuri na kanda za kaseti. Zilisaidia, lakini kusikia sauti kwenye spika ukiwa umekaa kitini si sawa na kuitafuta kifuani pa mtu.

Matokeo ya upungufu huo yalionekana wazi mwaka 1997. Katika uchunguzi uliochapishwa Marekani, madaktari 453 waliokuwa bado katika mafunzo ya kazi na wanafunzi 88 wa udaktari walisikilizishwa sauti 12 zilizorekodiwa kutoka kwa wagonjwa. Kwa wastani walizitambua sawasawa kama 20 tu katika kila 100. La kusikitisha zaidi, wale madaktari ambao walikwisha hitimu hawakuwashinda wanafunzi. Maana yake ni nini? Ni kwamba kukaa miaka mingi hospitalini peke yake hakulifundishi sikio. Linahitaji mafunzo yake maalumu.

SANAMU IITWAYO HARVEY

Mtu mmoja alikwisha anza kulitafutia tatizo hilo dawa miaka mingi kabla ya hapo. Mwaka 1968 Dk. Michael Gordon wa Chuo Kikuu cha Miami, Marekani, aliwaonyesha wataalamu wa moyo sanamu yenye ukubwa wa mtu, iliyolala kitandani kama mgonjwa. Aliipa jina Harvey, kwa heshima ya mwalimu wake, Dk. Proctor Harvey, aliyesifika kwa ufundi wa kusikiliza moyo.

Sanamu hiyo haisemi wala haitembei, lakini kifua chake ni darasa. Mwalimu akichagua ugonjwa, sanamu inaugua. Ukiishika shingoni na mkononi unapata mapigo ya mshipa. Ukiitazama shingo unauona mshipa ukicheza. Ukiweka kiganja kifuani unahisi moyo ukisukuma. Unaweza hata kuipima shinikizo la damu. Na ukiweka stetoskopu mahali panapostahili, unausikia mvumo. Ukiiweka mahali pengine, hausikii, au unausikia kwa mbali, kama ilivyo kwa mgonjwa wa kweli. Sanamu za aina hiyo zinazotumika siku hizi huweza kuiga magonjwa ya moyo mengi, makubwa na madogo.

Siku hizi ziko njia nyingine pia. Kuna stetoskopu maalumu ambazo mtu mzima wa afya akijifanya mgonjwa, mwanafunzi akamwekea kifuani, chombo chenyewe hutoa sauti ya ugonjwa. Kwa namna hiyo mwanafunzi anajifunza kusikiliza na wakati huo huo anajifunza kuzungumza na mtu kwa adabu. Kuna pia sauti zilizorekodiwa ambazo mwanafunzi huzisikiliza kwa kompyuta au simu ya mkononi akiwa amevaa vipokea sauti masikioni. Sanamu kubwa ni za gharama na si kila chuo kinaweza kuzinunua. Sauti zilizorekodiwa gharama yake ni ndogo, na hata kijana aliye mbali na mji mkubwa anaweza kuzipata.

SOMO LENYEWE HUENDAJE?

Mwanafunzi haanzi na mvumo. Anaanza na moyo mzima. Anasikiliza dum-ta ya kawaida mpaka aizoee kama sauti ya mlango wa nyumbani kwao. Mtu asiyejua sauti ya moyo mzima hawezi kujua ni kipi kimebadilika.

Hatua ya pili ni kujua ipi ni "dum" na ipi ni "ta". Moyo ukienda mbio, sauti hizi huchanganya. Mwalimu humwelekeza aweke vidole kwenye mshipa wa shingo wakati anasikiliza: sauti inayokuja karibu sawa na pigo la mshipa ndiyo ya kwanza. Sanamu inafaa sana hapa, kwa sababu mshipa wake na sauti yake huenda pamoja, na mwalimu anaweza kuyapunguza mapigo yaende polepole, kisha akayaongeza kidogo kidogo.

Hatua ya tatu ni kuzizoea sehemu nne za kusikilizia: kulia na kushoto mwa mfupa wa kifua upande wa juu, kushoto mwa mfupa huo upande wa chini, na chini ya titi la kushoto, mahali pigo la moyo linapohisiwa. Kila sehemu ndipo mlango mmoja unaposikika vizuri zaidi.

Ndipo inafuata mivumo, mmoja mmoja. Mwalimu anaweka ugonjwa, wanafunzi kadhaa wanasikiliza kwa pamoja sauti ile ile, kila mmoja na chombo chake, kisha kila mmoja anaandika alichosikia kabla ya kuambiwa jibu. Hapo hakuna nafasi ya kuitikia "ndiyo" ya uongo. Aliyekosea anarudia. Akikosea tena, anarudia tena. Sanamu haichoki, haishikwi na baridi kwa kuvuliwa shati, wala haiaibiki. Na kosa linalofanywa juu ya sanamu halimwui mtu.

JE, NJIA HII INASAIDIA KWELI?

Ni swali la haki. Mwaka 1987 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika vyuo vitano vya udaktari huko Marekani na kuwahusisha wanafunzi 208 wa mwaka wa mwisho. Waliofundishwa kwa sanamu ya Harvey waliwashinda wenzao waliofundishwa kwa njia ya kawaida, si katika mtihani wa sanamu tu, bali pia walipopewa wagonjwa wa kweli. Jambo hilo la pili ndilo la maana, kwa sababu lengo ni mgonjwa, sio sanamu.

Mwaka 2004 Dk. Michael Barrett na wenzake wa mji wa Philadelphia walitoa fundisho jingine. Waliwapa wanafunzi mivumo iliyorekodiwa, wakawasikilizisha kila mvumo mara 500. Ndiyo, mara 500! Wanafunzi hao walipopimwa tena walikuwa wameendelea sana. Barrett alionyesha kwamba kuutambua mvumo ni kama kuutambua wimbo. Hakuna anayeutambua wimbo kwa kusoma maelezo yake kitabuni. Mwanakwaya huimba sauti yake tena na tena mpaka inamkaa, na siku mwenzake akipotea sauti, yeye hushtuka mara moja bila hata kufikiri. Sikio la daktari nalo hufunzwa hivyo hivyo.

Na wala tusidhani kwamba mafunzo ya sanamu ni mambo ya nchi tajiri tu. Hapa Tanzania wakunga na wauguzi wamefundishwa kwa sanamu ya mtoto mchanga jinsi ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Matokeo kutoka hospitali nane, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza za maisha vilipungua kwa karibu nusu baada ya mafunzo hayo. Mikono iliyozoea kwa sanamu ilijua la kufanya mtoto wa kweli alipofika.

SANAMU PEKE YAKE HAITOSHI

Pamoja na sifa zote hizo, sanamu ina mipaka. Sanamu haiogopi. Haina nywele kifuani, haina kikohozi, haililii mama yake, wala haiwezi kumweleza mwanafunzi kwamba usiku inalazimika kulala imeegemea mito mitatu ili ipate pumzi. Mwanafunzi akiishia kwenye sanamu atajua sauti, lakini hatamjua mgonjwa. Kwa hiyo vyuo vizuri hutumia sanamu kama mlango wa kuingilia wodini, sio badala ya wodi.

Vivyo hivyo sikio lenyewe lina mipaka. Kuna kipimo cha kuupiga moyo picha kwa mawimbi ya sauti, ambacho hospitalini wengi hukiita eko. Kinaonyesha milango ikifunguka na kufunga. Uchunguzi uliofanywa kwa watoto wa shule huko Msumbiji na Kambodia na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kipimo hicho kiligundua watoto wenye milango iliyoharibika karibu mara kumi zaidi ya wale waliogunduliwa kwa kusikiliza kwanza. Basi je, stetoskopu itupwe? Hapana. Mashine ya eko iko katika hospitali kubwa, na wenye ujuzi wa kuitumia ni wachache. Zahanati ya kijijini ina mganga na mipira yake ya masikioni. Lazima awepo wa kwanza wa kusema, "Mtoto huyu apelekwe akapigwe picha ya moyo." Mtu huyo mara nyingi ni yule anayesikiliza.

JAMBO HILI LINATUHUSU VIPI?

Katika nchi zetu moja ya sababu kubwa za kuharibika kwa milango ya moyo kwa watoto na vijana ni homa ya baridi yabisi. Huanza kwa jambo dogo: mtoto anaumwa koo. Koo nyingi husababishwa na virusi na hupona zenyewe. Lakini baadhi husababishwa na bakteria waitwao streptokoki. Koo hilo lisipotibiwa, kwa baadhi ya watoto, hasa wa umri wa miaka 5 hadi 15, wiki mbili au tatu baadaye mwili hukosea adui: ile nguvu ya kupigana na bakteria hugeuka na kushambulia viungo na moyo wa mtoto mwenyewe. Magoti na vifundo huvimba na kuuma, maumivu yakihama kutoka kiungo hiki hadi kile. Homa hupanda. Wengine mikono na uso hucheza ovyo bila wao kutaka, na wazazi hudhani mtoto ana utundu au amerogwa.

Viungo hupona. Moyo hauponi hivyo. Kila homa hiyo inaporudi, milango inazidi kukakamaa. Mtoto anaweza kukaa miaka mingi bila kulalamika, huku mvumo uko kifuani unamngoja mtu wa kuusikia. Mara nyingi msichana hugundulika anapokuwa mjamzito. Wakati wa mimba damu mwilini huongezeka sana, na moyo ulioweza kuvumilia siku zote unashindwa. Anaanza kuhema, kuvimba miguu na kukohoa usiku, na watu husema, "Ni mimba tu." Duniani kote watu zaidi ya milioni 40 wanaishi na ugonjwa huu wa moyo, wengi wao katika nchi zenye kipato kidogo. Mwaka 2018 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zote ziupe uzito unaostahili.

Ndiyo maana tunasema kwamba kijana anayeketi leo kando ya sanamu akirudia kuusikiliza mvumo ule ule anafanya kazi ambayo faida yake itaonekana siku atakapopangiwa kazi mbali na mji, naye akamsikiliza mtoto aliyeletwa kwa ajili ya kikohozi tu.

FAMILIA IFANYE NINI?

1. Mtoto akiumwa koo pamoja na homa, hasa kama koo ni jekundu, anameza kwa shida na tezi za shingo zimevimba, apelekwe kwa mganga. Penisilini ikitolewa katika siku tisa za kwanza inazuia homa ya baridi yabisi. Msimpe mabaki ya dawa yaliyowekwa kabatini, na dozi aliyoandikiwa aimalize hata kama koo limeacha kuuma.

2. Mtoto mwenye maumivu ya viungo yanayohama pamoja na homa asifikiriwe kuwa "anakua tu". Mwelezeni mganga kama aliwahi kuumwa koo wiki chache zilizopita, na mwombeni amsikilize moyo.

3. Mtoto aliyekwisha ambiwa ana ugonjwa huu huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Sindano hiyo inauma, na mtoto akionekana mzima wazazi hushawishika kuiacha. Msiiache. Ndiyo inayoziba ufa kabla hamjalazimika kujenga ukuta, yaani kabla ya upasuaji wa moyo.

4. Mama mjamzito anayehema kwa kazi ndogo, au asiyeweza kulala chali kwa kukosa pumzi, aende kliniki mara moja wala asingoje tarehe ya kadi.

5. Mganga anaposikiliza kifua, msaidieni. Mvueni mtoto nguo nzito, mnyamazisheni kwa upole, zimeni redio au simu. Sauti anayoitafuta ni ndogo.

6. Mkiambiwa mtoto ana mvumo, msikate tamaa wala msikimbilie kwa waganga wa kienyeji. Ulizeni maswali matatu: Je, ni mvumo wa hatari au usio na hatari? Je, anahitaji picha ya moyo? Turudi lini?

7. Mwanafunzi wa udaktari akiomba kukusikiliza moyo, una haki ya kukubali na una haki ya kukataa, na matibabu yako hayatabadilika. Lakini kama hali yako inaruhusu, fikiri vizuri kabla ya kukataa. Sanamu imemfikisha mlangoni, bali mgonjwa ndiye anayemkamilisha.

Ndugu wasomaji, mtu hazaliwi na sikio la kuujua moyo. Sikio hilo hujengwa kwa kusikiliza, kukosea mahali ambapo kosa halidhuru, kusahihishwa, na kusikiliza tena. Tunapouliza kama hospitali yetu ina mashine na dawa, tuulize pia kama wale wanaotuhudumia wamepata mafunzo ya kutosha na nafasi ya kuyarudia. Na sisi nyumbani tufanye sehemu yetu: tusilidharau koo la mtoto, wala tusiikose tarehe ya sindano.